Gari Lililouzwa "Kama Lilivyo": Hukumu Yake, na Namna ya Kuchagua kwa Mwenye Fedha Chache

 

Ndugu zetu wa jamaa moja hapa Rubwera, wilaya ya Kyerwa, walileta suala lifuatalo. Walichanga fedha za msimu wa kahawa wakanunua gari lililotumika, aina ya Noah, la kubebea wagonjwa na majeneza. Kwenye karatasi ya mauziano dalali aliandika kwamba gari limeuzwa "kama lilivyo" na hakuna marejesho. Siku ya nne, likiwa linapanda mlima na watu sita ndani, injini ilichemka ikazima. Walipomrudia muuzaji aliwatolea ile karatasi. Je, karatasi ile inamkinga mbele ya sharia?

Maulamaa hawakuwa na magari, lakini walikuwa na ngamia, farasi, watumwa na mashine za kusagia zinazoendeshwa kwa maji, na waliandika mengi juu ya aibu za vitu hivyo. Msingi katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii (R.A.) ni kwamba mnunuzi akikuta aibu iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa, naye hakuijua, ana hiyari ya kurudisha kitu na kupewa fedha zake. Aibu ni upungufu unaoshusha thamani au unaoharibu kusudio sahihi la mnunuzi, kwa sharti kwamba kwa kawaida kitu cha jinsi ile hakina upungufu huo. Sharti hili tulizingatie. Gari la mwaka 2004 likiwa na bushi zilizolegea na rangi iliyofifia halina aibu, bali lina umri. Kichwa cha injini kilichopasuka kikazibwa kwa gundi ili lipite siku mbili tatu, hiyo ni aibu.

Ama muuzaji akijitoa kwa kusema "sina dhamana ya aibu yoyote", hapo maulamaa wamekhitilafiana. Abu Hanifa ameruhusu sharti hilo. Imamu Shafii amefuata hukumu ya Sayyidna Uthman (R.A.), ambayo Imamu Malik ameipokea katika Muwatta. Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa aibu. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakuambiwa. Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alimuuza hali ya kuwa haijui aibu hiyo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake. Baadaye mtumwa akapona, akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Kutokana na hukumu hiyo, Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kwamba kauli yenye nguvu ni hii: sharti la kujitoa linamkinga muuzaji kwa aibu iliyofichika ndani ya mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua, na halimkingi kwa aibu nyingine. Sababu waliyoitaja ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na hali yake hugeuka bila mwenyewe kutambua. Nguo au nyumba si hivyo.

Je, gari ni mnyama au ni nguo? Nimewasikia wanafunzi wakibishana juu ya hili, na hoja zao si za kubeza. Anayesema ni kama mnyama hutazama kwamba injini imefungwa na ndani yake haionekani. Kwa upande wangu naona gari halina uhai unaogeuka lenyewe. Aliyeliendesha mwaka mzima anajua linakunywa maji kiasi gani na oili kiasi gani, kwa sababu ndiye anayeongeza. Na hata tukikubali kwamba ni kama mnyama, bado kinga ni ya asiyejua. Aliyejua akanyamaza, karatasi haimfai kitu.

Ubaya unazidi pale aibu inapopambwa. Hadithi ya Abu Huraira (R.A.) katika Bukhari na Muslim inakataza kumfunga mnyama asikamwe ili kiwele kijae siku ya mnada, na inampa mnunuzi hiyari ya kumrudisha. Maulamaa wetu wameingiza humo kuyazuia maji ya mashine ya kusagia kisha kuyaachia wakati mteja amesimama, ili aone jiwe linazunguka kwa nguvu. Leo wenzetu hurudisha nyuma namba za mita ya kilomita, humimina oili nzito ili injini isigonge wala isitoe moshi, hulipasha gari moto kabla mteja hajafika. Ni kiwele kile kile.

Basi mwenye fedha chache afanyeje? Kwanza atumie haki ambayo sharia imempa kabla ya aibu kutokea, nayo ni hiyari ya sharti. Kwetu Shafii haizidi siku tatu. Iandikwe kwenye mauziano: "mnunuzi ana hiyari ya siku tatu." Muuzaji anayekataa hata siku moja amekwisha kukupa habari ya gari lake.

Siku hizo azitumie hivi. Aende alfajiri injini ikiwa baridi, aweke mkono juu ya boneti, na ikiwa ina joto aulize kwa nini. Atazame oili, ikiwa na rangi ya maziwa maji yameingia. Aliwashe mwenzake awe nyuma: moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yanayozidi, na mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji. Kisha apande nalo mlima, si tambarare, akiwa na watu ndani, kwa sababu huku Karagwe na Kyerwa ndiko litakakoishi. Akifika juu alisimamishe bila kulizima, atazame mshale wa joto. Wale ndugu zetu waliliendesha barabarani mbele ya duka, mita mia mbili, wakaridhika.

Mita ya kilomita asiitegemee. Atazame mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Mita ikisema kilomita 60,000 na pedali imelika hadi chuma, aamini pedali. Tairi zina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka zilipotengenezwa, na iliyolika upande mmoja huashiria kwamba miguu ya gari haiko sawa au liliwahi kugongwa. Namba ya chesisi ailinganishe na kadi kwa macho yake. Fundi amchague mwenyewe na amlipe mwenyewe, kwani fundi anayepewa kitu na muuzaji amekwisha kuwa wakili wa muuzaji.

Magari ya bei nafuu yanayotoka ng'ambo ya Murongo yakiwa na namba za Uganda yanawavutia wengi. Ambalo halijalipiwa ushuru TRA huwezi kuhamishiwa umiliki, na kukamatwa ni wakati wowote. Katika mauziano ni sharti kitu kiweze kukabidhiwa, na hapo umiliki hasa haukabidhiki.

Ama aina ya gari, Imamu Ghazali ametaja katika Ihya kisa cha Wathila bin Al-Asqaa (R.A.), aliyemkimbilia mtu aliyekwisha kununua ngamia kwa dirhamu 300, akamuuliza: wa nyama au wa safari? Aliposema wa safari, Wathila akamweleza kwamba mguu wake una tundu, hatastahimili mwendo wa mfululizo. Mnunuzi akarudi, muuzaji akapunguza dirhamu 100. Swali lile lile tujiulize. Mwenye kubeba mbolea na mikungu ya ndizi humtosha Probox: spea zake zinapatikana, kila fundi anaijua, na injini yake ya NZ hutumia mnyororo badala ya mkanda. Noah yenye injini ya D4 ni nzuri kwa safari, lakini mfumo wake wa mafuta hautaki mafuta machafu, nasi mara nyingi tunanunua ya madumu. Na mwenye milioni nane asitafute gari la milioni nane. Atafute la sita na nusu, nyingine iwe ya tairi, oili, betri na kuhamisha kadi.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Wapo wanaokamilisha bei kwa butura, kahawa ikiwa bado ni maua. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla hayajadhihiri kufaa, na hata mbali ya hukumu, anayeuza maua huuza kwa bei ya maua. Angojee mavuno, aende kwa miguu msimu mmoja zaidi.

Tukirudi kwa waulizaji, tumewajibu kwamba karatasi haimkingi muuzaji ikiwa alijua. Lakini kurudisha kwa aibu hutakiwa papo hapo. Anayeijua aibu kisha akaendelea kulitumia gari amepoteza haki yake, isipokuwa kuliendesha kwa lazima ya kulirudisha, kama walivyosamehe kumpanda mnyama mkaidi asiyeongozeka. Nao walilitumia? Walisema hapana, lilivutwa kwa kamba hadi gereji na liko huko. Fundi alikuta gundi kwenye kichwa cha injini. Tukawashauri wamwendee muuzaji pamoja na wazee wawili, wamtake aape kiapo alichotakiwa Ibn Umar. Walikwenda. Aliomba apewe muda hadi baada ya Ijumaa, na Ijumaa ilipopita alituma ujumbe kwamba yuko tayari kuzungumzia bei.