Mikono ya Mtoto Hujifunza Kabla ya Penseli

Wazazi na walezi wengi humkemea mtoto anayechezea udongo, wakiona anajichafua tu. Hata hivyo, kufinyanga huimarisha vidole atakavyoshikia penseli darasa la awali. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inautambua ujifunzaji wa awali kuwa sehemu ya malezi, sambamba na afya, lishe na ulinzi.

Mchezo huu hauhitaji fedha nyingi. Manjano kidogo ndani ya maji hutoa rangi ya njano. Majani ya mchicha yaliyotwangwa na kuchujwa hutoa ya kijani. Mtoto achovye vidole na kuchora juu ya boksi lililokunjuliwa. Muulize amechora nini, kisha msikilize bila kumsahihisha.

Tahadhari ni tatu. Kwanza, mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe maharage, mbegu wala vifungo, kwani huweza kumpalia. Pili, udongo usichimbwe karibu na choo au jalala, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya mchezo ili kuepuka minyoo. Tatu, mtu mzima awepo muda wote, na ndoo ya maji isiachwe wazi.

Mchezo pia humfunulia mzazi mengi. Ukiona mtoto hashiki vitu kama wenzake wa umri wake, au hageuki anapoitwa, usisubiri aanze shule; mpeleke zahanati au kituo cha afya kilicho karibu akachunguzwe mapema.