Una digrii ya sheria lakini si wakili? Soma hapa



Huku Upareni hukosi kijana aliyemaliza digrii ya sheria na yupo tu nyumbani. Wengine huja hapa ninapochapia watu barua, wanauliza: "Dogo, nianzie wapi?" Mimi niliishia kidato cha nne, sijifanyi mwanasheria. Ila kutwa nashika makaratasi ya watu, na kazi ilipo naiona.

Kwanza tuambiane ukweli. Digrii peke yake haikufanyi wakili. Kuna Law School, na pale si lelemama. Mwaka 2022 matokeo yalizua kelele nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu walikuwa 26 tu. 342 wakapata sapu, 265 wakadisko. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Sasa watu wote hao waende wapi?

Jibu langu: teknolojia ya sheria. Yaani uwe mshauri anayeelewa sheria na kompyuta kwa pamoja. Naona milango mitatu.

1. Mahakama. Kanuni za kufungua kesi kwa mtandao zilitoka 2018, na mwishoni mwa 2023 ukaanza kuingia mfumo mpya wa e-CMS. Wakili anafungua kesi kwa akaunti yake mwenyewe, sawa, lakini anahitaji mtu wa kuskani vizuri, kupanga mafaili, kufuatilia namba ya malipo na kuchunga tarehe. Kesi nzuri inaweza kutupwa kwa kuchelewa tu.

2. Taarifa binafsi. Sheria yake ni ya 2022, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ikazinduliwa 3 Aprili 2024. Shule, zahanati, hoteli, SACCOS, wote wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwenye Tume na kuwa na afisa wa kuzilinda. Jiulize, kuanzia Mwanga mpaka Same, ni wangapi wanalijua hilo? Huu ndio mlango mpana kuliko yote.

3. Utafiti. Hukumu za mahakama zetu zipo TanzLII, bure kabisa. Nyingi ni za Kiingereza, wakati tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Anayeweza kutafuta hukumu na kuieleza kwa lugha nyepesi ana soko. Ila usiiachie akili bandia ikufanyie kila kitu. Mwaka 2023 kule New York mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye shimo. Sheria ya Mawakili inasema asiye wakili akiandaa kwa malipo hati za kesi au za mali, ametenda kosa. Kwa hiyo mkataba wa kuuza shamba, hati ya madai, rufaa, mwachie wakili. Wewe unashauri kuhusu mfumo, basi.

Mama yangu mdogo alimlipa kishoka mmoja amwandalie rufaa ya shamba. Jamaa akala hela, makaratasi yakaingia siku zimeshapita. Shamba likaenda. Mtu wa namna hiyo hasaidii watu, anawamaliza.

Ukitaka kuanza, fanya hivi: soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yote, mwanzo mpaka mwisho. Tafuta SACCOS moja au shule moja, wasaidie kujisajili, bure au kwa nauli tu. Waombe barua ya kuthibitisha kazi hiyo. Halafu nenda kwa wakili wa Moshi au Same, mwambie utampangia mafaili yake. Kwenye makubaliano andika wazi kabisa kwamba wewe si wakili.

Law School ipo, utaenda siku ikifika. Lakini usikae kuisubiri huku mikono iko mfukoni.

Naomba kuwakilisha.