Asiyekunywa Mvinyo Naye ni Mgeni

Mgeni njoo mwenyeji apone, walinena wahenga. Hata hivyo, yuko mgeni mmoja ambaye mikahawa yetu ya hadhi bado haijajua kumkirimu: yule asiyeonja kileo.

Hivi majuzi tulikusanyika katika hoteli moja kubwa jijini Nairobi kumuaga mwalimu mwenzetu aliyestaafu. Wanywao mvinyo waliletewa kitabu kizima cha orodha, na mhudumu akawaeleza kwa ufasaha ni upi uendao na samaki na ni upi uendao na nyama. Ilipofika zamu ya mstaafu wetu, alisema kwa upole, "Mwanangu, mimi situmii pombe." Kijana akamjibu, "Basi nikuletee soda gani, mzee?" Soda ile ile ikasindikiza supu, samaki na mbuzi. Karamu ilikuwa yake, lakini heshima ya meza ikawaendea wengine.

Je, tumlaumu kijana? Hasha! Hakufundishwa. Amelelewa katika imani kwamba kinywaji kisicholevya ni cha kukata kiu tu, wala hakina uhusiano na kilichomo sahanini.

Imani hiyo haina msingi. Kileo siyo sifa pekee ya mvinyo inayofanya kazi kinywani. Uchachu wake hupunguza uzito wa mafuta. Tanini zake hukausha ulimi na kuuandaa kwa tonge lifuatalo. Sifa hizo zimo pia katika vinywaji vyetu. Ukwaju una uchachu wa kutosha, na chai ya rangi ina tanini tele. Kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, haiyeyuki vyema katika maji. Bali mafuta na protini za maziwa huidhibiti. Ndiyo maana aliyeunguzwa na pilipili hupata nafuu kwa maziwa lala kuliko kwa bilauri ya maji. Soda, kwa upande wake, huufunika ulimi kwa sukari hata ladha ya samaki ikapotea.

Wenzetu ng'ambo wameng'amua jambo hili. Mkahawa mashuhuri wa Noma, mjini Copenhagen, Denmark, umewaandalia wageni wasiotaka mvinyo mfululizo wa sharubati, kila moja ikilinganishwa na chakula chake.

Lakini kwa nini tuvuke bahari kutafuta elimu iliyo vibarazani petu? Wazee wa Lamu na Mombasa wamekunywa kahawa chungu kwa halua au tende tangu jadi. Uchungu huzuia utamu usikinaishe, nao utamu hulainisha uchungu. Hiyo ndiyo sanaa yenyewe ya kuoanisha kinywaji na chakula, ingawa hakuna aliyeichapisha kwenye menyu.

Basi wapishi wetu na waanzie hapo. Samaki wa kupaka, mwenye uzito wa tui la nazi, apewe ukwaju usiojazwa sukari. Nyama choma isindikizwe na chai ya rangi iliyopozwa, au ile ya zambarau ambayo watafiti wetu wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011. Biriani yenye pilipili iletewe maziwa lala yaliyotiwa chumvi kidogo na bizari nyembamba.

Wapo watakaosema kuwa hoteli hupata faida katika mvinyo, na kwamba nani atalipia ukwaju ghali? Nami nawauliza: kahawa ya kikombe kimoja hotelini huuzwa kwa bei gani, ilhali mkulima wake tunamjua? Mteja hulipia ujuzi na uangalifu. Pale asipoona ujuzi, hana sababu ya kulipa.

Jukumu hili linatuhusu sisi walimu. Chuo cha Utalii cha Kenya kimefundisha wahudumu tangu mwaka 1975. Nasi tunao vijana wa sayansi kimu na kemia madarasani. Mwalimu na awaonjeshe ukwaju, chai na maziwa pamoja na kipande cha chakula, kisha awaulize kilichobadilika ulimini na sababu yake. Somo hilo halitasahaulika upesi.

Huenda mmoja wao atakuja kumhudumia mstaafu mwingine. Naye, badala ya kuuliza ni soda gani, atasema, "Shikamoo, mzee. Kwa kuwa umeagiza samaki, niruhusu nikuletee ukwaju."