Chembe Nyeupe Dhidi ya Minyoo ya Matende

Katika ukanda wa pwani ya kusini mwa Tanzania unaotoka Mikindani na kupita Madimba hadi mlango wa mto Ruvuma, matende na mabusha ni maradhi yanayojulikana tangu zamani, lakini yale yanayotendeka ndani ya mwili miaka mingi kabla ya mguu kuvimba hayaelezwi vya kutosha. Minyoo inayoyasababisha, Wuchereria bancrofti, huingia mwilini ikiwa michanga pale mbu anapomuuma mtu, kisha hukulia katika mishipa ya limfu, yaani mirija inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, ambako mnyoo jike hufikia sentimita 8 hadi 10 na kuzaa vijinyoo vinavyozunguka katika damu wakati wa usiku.

Chembe nyeupe nyingi za damu, ambazo ni walinzi wa mwili, hupambana na bakteria kwa kuwameza, kazi iliyotambuliwa na mwanasayansi Ilya Mechnikov mwaka 1882, ila hata kijinyoo kichanga huizidi chembe kwa urefu karibu mara 20, hivyo hakimezeki. Hapo ndipo zinapohitajika eosinofili, chembe nyeupe zenye punje zinazonyonya rangi nyekundu ya eosini, ambazo mwanasayansi Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1879 na ambazo kwa mtu mwenye afya ni chache mno. Kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza ili kumtambua adui, hujibandika kwenye ngozi ya kijinyoo. Eosinofili huzishika kingamwili hizo na kukimwagia sumu iliyohifadhiwa katika punje zake hadi ngozi hiyo iharibike. Sumu hiyo haichagui, kwani eosinofili zikijaa mapafuni mgonjwa hukohoa usiku na kubanwa pumzi.

Mnyoo mzima, hata hivyo, hutoa kemikali zinazoutuliza ulinzi huu, akaishi miaka 5 au zaidi bila mwenye mwili kuhisi lolote, na utulivu huo ni wa kuogopwa kuliko homa.

Ndiyo sababu ya kingatiba, yaani dawa wanayopewa hata wasiohisi ugonjwa, ambayo Tanzania iliianza kisiwani Mafia mwaka 2000 kwa vidonge vya ivermectin na albendazole. Baada ya kuvimeza, baadhi ya watu, hasa wenye vijinyoo vingi, hupata homa na kuwashwa, wakadhani wamelishwa sumu, ilhali ni ulinzi wa mwili unaoshughulikia vijinyoo vinavyokufa kwa wingi, na kwa kawaida hali hiyo hupita baada ya siku chache. Inafaa mgawaji wa dawa alieleze jambo hili kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa, ili watu wasivikatae vidonge baadaye, kwa kuwa minyoo mikubwa haifi yote kwa dozi moja, na vidonge hivyo hugawiwa tena mwaka unaofuata.