Ukikojoa Damu Usifiche



Tukipita vijijini huku Ngara na Biharamulo, huwa tunaulizwa swali hili kwa kunong'onezwa: "Mwalimu, mtu akikojoa damu, ni kisonono?" Leo tunalijibu hadharani.

Mkojo hutengenezwa na figo. Hukaa katika kibofu, halafu hutoka nje kwa kupita katika mrija. Mrija wa mwanamume una urefu wa kama sentimita 20. Wa mwanamke ni mfupi, kama sentimita 4. Wote wawili wanaweza kupata kansa, yaani saratani, mahali hapo. Kansa ni chembe za mwili zinazozaliana ovyo mpaka zikafanya uvimbe.

Kansa ya mrija ni nadra sana. Kansa ya kibofu huonekana zaidi. Dalili ni hizi:

- Mkojo kuwa na damu, hata kama huna maumivu.
- Mkojo kutoka kwa shida, au kidogo kidogo.
- Kwenda kukojoa mara kwa mara, usiku hulali.
- Usaha kutoka katika njia ya mkojo.
- Uvimbe katika njia ya mkojo, au mitoki kwenye kinena.

Jamani, si kila mwenye dalili hizi ana kansa. Kisonono na kichocho pia huleta dalili kama hizo. Huwezi kujua kwa kukisia. Lazima upimwe. Ukinunua vidonge dukani, maumivu yanaweza kutulia, kumbe kansa inazidi kukua.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Walifundishwa habari za kichocho. Leo tunajua zaidi. Kichocho cha mkojo kisipotibiwa miaka mingi, mayai ya minyoo hukwama katika kibofu na kukiumiza. Hapo kansa inaweza kuanza. Dawa ya kichocho ipo, inaitwa prazikwanteli. Tumbaku nayo huleta kansa ya kibofu. Basi tuache kuvuta, na tusikojoe mtoni wala bwawani.

Ukiona damu, nenda zahanati mapema. Wataona kama uende hospitali ya wilaya, au Bugando kule Mwanza. Kansa ikigunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi.

Baba, usimfiche mkeo. Mama, usione haya. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Swali la kujadili: Kwa nini watu wengi huficha ugonjwa wa njia ya mkojo?