Liwali wa Oita na Ndizi za Meru

Nilipokuwa Kinoru, mjini Meru, nilisimama karibu na uwanja uliofanyiwa sherehe za Madaraka mwaka 2018. Mama mmoja alikuwa na mikungu ya ndizi. Nikamwuliza, "Mama, bei gani?" Akacheka. "Mwenye lori ndiye aijuaye, mwanangu."

Jawabu lile likanikumbusha Oita, jimbo la Ujapani. Mwaka 1979 gavana wake, Morihiko Hiramatsu, ambaye wazee wetu wangemwita liwali, alihimiza kila kijiji kiwe na zao lake la sifa, walitengeneze wenyewe ndipo waliuze. Habari zikavuka bahari. Malawi iliupokea mpango huo mwaka 2003, na Kenya nayo ikafuata. Jimbo lisilo na balozi hata mmoja likapata marafiki Afrika.

Katiba yetu ya 2010 imeiachia Serikali ya Taifa mambo ya nje, lakini kilimo na masoko ni kazi za kaunti. Mombasa ina udugu na Seattle tangu 1981. Basi, msomaji, udugu wa namna hii usiishie kwenye karamu na picha. Umfikie mama wa Kinoru na mkwezi wa Kilifi, wapate kuitaja bei wao wenyewe.