Njia za Siri za Reli Ndogo za Mfano

Katika Uingereza, Ujerumani na Marekani wako watu wazima wengi, mafundi, makarani, waalimu na hata makasisi, ambao saa zao za jioni huzitumia kujenga reli ndogo za mfano. Kazi hii si mchezo wa watoto. Injini, mabehewa na stesheni hufanywa kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Kipimo kinachopendwa zaidi katika Uingereza ni kile ambacho futi 1 ya kitu chenyewe huwa milimita 4 katika mfano, na upana kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Kwa kipimo hicho injini kubwa ya moshi, pamoja na gari lake la makaa, haizidi sana urefu wa inchi 10.

Mtu anayeanza kazi hii hukutwa mapema na shida moja. Ametandika reli zake kwa mviringo juu ya meza, stesheni ameipaka rangi, na gari la moshi linakwenda vizuri. Baada ya dakika chache anatambua kwamba kila linapopita ni lile lile, linazunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta. Haliendi popote wala halitoki popote.

Reli ya kweli haiko hivyo. Mtu asimamaye katika stesheni ya Voi huona gari la moshi likitokea upande wa Mombasa, likasimama, kisha likashika njia ya Nairobi. Mtu huyo haioni bandari ya Kilindini, wala majumba ya Nairobi hayaoni, lakini ajua kwamba yako, na kwamba gari litakalofuata litakuwa jingine. Ili kuleta hali hiyo katika chumba kidogo, wajenzi hutandika reli kadhaa sambamba nyuma ya ukuta wa picha au chini ya meza, mahali pasipoonekana. Juu ya kila njia gari moja la moshi limesimama likingoja zamu yake. Linapotokea katika tundu la mlima huwa limetoka mji wa mbali, na linapoingia tena huwa limekwenda zake. Wajerumani huziita njia hizo stesheni ya kivuli. Waingereza wana jina lenye maana ya uwanja wa kupapasapapasa, kwa sababu huko mjenzi hupanga na kugeuza magari yake kwa vidole, watazamaji wasione.

Kasisi mmoja wa Kanisa la Kiingereza, Peter Denny, alijulikana sana kwa reli yake ya mfano iliyoitwa Buckingham, aliyoianza baada ya Vita Kuu ya Pili na kuiendeleza kwa miaka mingi. Magari yake yalifuata ratiba kama ya reli halisi, na ratiba ya namna hiyo haiwezekani bila njia za siri.

Kosa la wengi ni kuzifikiria njia hizi mwisho, baada ya milima na mashamba kumalizika. Yafaa zipimwe kwanza, kwa kuwa urefu wake ndio unaoamua urefu wa kila gari litakalopita kwenye stesheni ya mbele. Injini ya inchi 10 ikivuta mabehewa manne ya inchi 10 na nusu, jumla yake ni inchi 52. Ukiongeza inchi chache za kusimama kwa usalama, njia yapaswa kuwa ya futi 5 hivi. Hesabu hiyo ni rahisi. Inayosahauliwa ni ile ya reli za kugeuzia njia. Kila moja hula inchi 7 hadi 9, na ili njia moja igawanyike kuwa sita zahitajika tano, moja baada ya nyingine. Hivyo futi 3 na zaidi zimekwisha kabla behewa lo lote halijapata mahali pa kusimama. Ikiwa magari yanaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, hasara huwa mara mbili. Mwenye chumba cha futi 10 atabakiwa na futi 4 tu, na gari lake la futi 5 halitaingia.

Kwa sababu hiyo wengine huacha kabisa reli za kugeuzia njia. Hutandika njia zote sita juu ya ubao mmoja unaoteleza kushoto na kulia, kama mtoto wa meza anavyovutwa, mpaka njia inayotakiwa ielekeane na ile inayotoka nje. Ili zisipishane hata kidogo, hutia komeo dogo la shaba, lile la mlangoni, na komeo hilo hilo hupitisha umeme kwenda kwenye njia iliyochaguliwa. Ni ufundi wa bei ndogo nao wafaa sana. Wako pia wanaotumia ubao unaozunguka, ili gari zima ligeuzwe kichwa kwa mkia bila kuguswa.

Kuziweka njia chini ya meza huokoa nafasi, ila kuna gharama yake. Magari haya hayapendi mteremko mkali. Wengi hawapiti inchi 1 kwa kila inchi 40. Kushuka inchi 6 kwa kadiri hiyo kwataka reli ya futi 20. Wasio na urefu huo huzungusha njia kama ngazi ya mnara. Mzunguko wenye nusu kipenyo cha futi 2 hushuka inchi 3 na robo tatu hivi, lakini mabehewa huwa mazito kuvutwa penye kona, na injini iliyovuta manane penye tambarare huenda ikashindwa na sita.

Jambo kubwa kuliko yote ni mkono wa mtu. Behewa likianguka mbele ya stesheni huinuliwa mara moja. Likianguka gizani, chini ya mlima uliogandishwa kwa gundi na plasta, huzuia njia zote, na hapo mjenzi hana budi kuukata kwa msumeno mlima alioujenga kwa miezi. Basi kati ya njia ya chini na ubao wa juu huachwa nafasi ya kupitisha mkono uliobeba injini, inchi 8 ikiwezekana, na kando ya ubao hupigiliwa ukingo ili kitu kisidondoke sakafuni. Tena reli za humo hutandikwa kwa uangalifu kuliko zinazoonekana. Wengi hufanya kinyume: reli mbovu na za zamani huzitupa huko kwa kuwa hakuna atakayeziona.

Mjini Hamburg, katika maonyesho makubwa ya Miniatur Wunderland yaliyofunguliwa mwaka 2001, magari mengi hungoja katika stesheni za kivuli namna hii, na kompyuta hujua lipi limesimama wapi. Nyumbani, taa ndogo kwa kila njia au kipande cha kioo kilichoinamishwa chatosha.

Kabla ya kufunika, gari refu kuliko yote husukumwa kinyumenyume katika kila njia, mara nyingi, kwa mwendo wa polepole na wa kasi. Lisipoanguka hata mara moja, ndipo kifuniko huwekwa, nacho hufungwa kwa skurubu, si kwa gundi.